Mzigo Usio na Habari

Mimi nilizaliwa na haraka. Mama yangu, kule kwetu Mwingi, hupenda kusema kwamba nilitoka kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu siku hiyo sijawahi kumngoja mtu kwa hiari. Kwa hiyo mume wangu, ambaye ni mwalimu, alipohamishiwa Garissa nami nikafunga virago kumfuata, jamaa zetu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema mji ule utanifunza kukaa kitako, au utanirudisha kwetu mbio. Wote walikosea. Nilipata tuktuk iliyokwisha kutumika, nikajiandikisha na kampuni moja ya kupeleka mizigo, na kwa mara ya kwanza maishani haraka yangu ikawa kazi inayonilisha.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mizigo hufika asubuhi na basi linalotoka Nairobi usiku. Tunaigawana pale ofisini, kila mtu anapakia yake, tunatawanyika. Kila mzigo una kipindi chake: huu ufike kati ya saa tatu na saa tano, ule kati ya saa nane na saa kumi. Anayepokea ametumiwa namba ya siri kwenye simu yake. Ukimkabidhi mzigo anakutajia ile namba, unaibonyeza kwenye simu ya kazi, shughuli imekwisha. Ukichelewa unapata alama nyekundu. Alama tatu ndani ya mwezi mmoja, simu ya kazi inafungwa wiki nzima na hupati hata bahasha. Hakuna wa kumlilia, kwa sababu anayefunga si mtu, ni mtambo.

Mtambo huo una sauti ya mwanamke, tena mwanamke wa adabu, anayezungumza kama karani wa benki. Njia nzima anakukumbusha: "Umebakisha dakika ishirini. Umebakisha dakika kumi." Simu yenyewe niliitundika mbele, karibu na usukani, sauti nikaipandisha mpaka mwisho ili injini isiimeze. Mume wangu alimwita yule mwanamke mke mwenza. Alisema tangu aingie nyumbani kwetu, mimi namsikiliza yeye kuliko ninavyomsikiliza mwenye nyumba.

Aliyepanga vile vipindi hajawahi kukanyaga Garissa, hilo naweza kuapa. Mtu aliyekaa hapa hata wiki moja hawezi kuandika kwamba mzigo upelekwe saa nane mchana. Saa nane mchana hapa ni kama usiku mwingine. Watu wakishaswali adhuhuri maduka yanafungwa, mbuzi wanajibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli ukutani, na kila mwenye akili yuko kwenye mkeka wake. Mji huamka tena alasiri. Na mimi ndiye mwendawazimu aliyesimama juani akibisha hodi kwenye geti la bati lililopata moto, mkononi nimeshika kava ya simu ya mtu.

Mwezi ninaousimulia, alama yangu ya kwanza nyekundu niliipata kwa namna hiyo. Niligonga, na sauti ya mwanamume ikanijibu kutoka ndani, kwa upole sana, kwamba nirudi baada ya alasiri. Nikaanza kumweleza habari za kipindi. Kabla sijafika katikati ya maelezo nikamsikia akikoroma.

Ya pili ilikuwa ya harusi. Mwenye mzigo alikuwa ameenda kumwoza binti wa dadake, nami, kwa ukaidi wangu, nikamfuata huko huko. Wanawake walinipokea kwa mikono miwili. Nilipewa sinia la wali na ndizi kabla sijasema nimefuata nini, moshi wa ubani ukanitoa machozi, na kila niliyemuuliza akanielekeza kwa mwingine. Mwenye mzigo alipopatikana, mke mwenza wangu alikuwa amekwisha kunihukumu kule nje kwenye tuktuk. Wali ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo.

Lakini kilichonila muda kuliko usingizi na harusi ni habari.

Wasomali, salamu yao yenyewe ni kumwambia mtu atoe habari. Hawakuulizi tu kama u mzima wakapita. Unakaribishwa, unaketi, unapewa chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, kisha unatarajiwa ueleze: ulikotoka kukoje, njiani umeona nini, mvua imenyesha wapi, nani mgonjwa, nani amejifungua. Kwa watu wa mifugo hili si porojo. Mtu ajaye kutoka mbali ndiye anayejua majani yako wapi. Nami kila siku nilikuwa mtu ajaye kutoka mbali, nimeshika kitu kilichotoka Nairobi, na hakuna aliyeamini kwamba nimekuja na kitu bila neno.

Nilivumbua dawa. Sikuzima injini. Nilikuwa nikisimama mlangoni, mguu mmoja ndani ya tuktuk, namkabidhi mtu mzigo wake huku injini ikinguruma, naomba namba, huyo nimeondoka. Wengine waliniita wazimu, wengine walizoea. Nilijisifu kwa mume wangu kwamba mji mzima umeingia kwenye mstari.

Basi ikaja wiki ya kuelekea Idd ya kuchinja. Kwetu sisi wa mizigo hiyo ndiyo mavuno. Kila aliye Nairobi mwenye mama huku anatuma kitu: mashuka, viatu vya watoto, mapazia, manukato. Mizigo hujaa ofisini hadi mlangoni. Nami nilikuwa na alama mbili. Ya tatu ingenifungia nje wiki hiyo hasa, nibaki nyumbani nikihesabu nzi wakati wenzangu wanakimbizana. Asubuhi ile nilijiambia kwamba hata aje nani, leo siketi chini.

Mzigo wa tatu siku hiyo ulikuwa wa mama mmoja kwenye bula ya mwisho mwisho wa mji; bula ndiyo mtaa huku kwetu. Ulikuwa laini, umefungwa kwa mfuko wa plastiki na gundi nyingi, kama aliyeufunga alikuwa hana muda wa kutafuta mkasi. Nilifika mapema. Mke mwenza alikuwa kimya, hana cha kunilaumu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kivulini mbele ya nyumba yake, anasuka mkeka, mwanamke mwembamba mrefu mwenye macho makali. Nikamsalimu kwa Kisomali changu cha kubabaisha, nikamtaja mwanawe aliyeandikwa kwenye mzigo, nikanyoosha mkono.

Hakuupokea. Aliutazama mzigo, akanitazama mimi, kisha akaitazama tuktuk iliyokuwa ikitetemeka peke yake.

"Keti, abaayo," akasema. Abaayo ni dada.

Nikamwambia kwamba nina haraka, hooyo, yaani mama, naomba tu ile namba kwenye simu yako. Akaniuliza nani ananifukuza. Nikasema hakuna anayenifukuza, ni kazi. Akasogea kidogo kwenye mkeka, nafasi ikapatikana. Sikuketi.

"Mtoto yangu hajambo?" akauliza.

Hapo nikafanya ujanja ambao nilikuwa nimeutumia kwa wengine, na ulifanya kazi vizuri. Nikasema hajambo kabisa, anakusalimu sana. Akauliza kama nimemwona kwa macho. Nikasema nimemwona. Akauliza amekonda? Nikaona nimfurahishe, nikamwambia la, amenenepa, ana tumbo hili hapa.

Mama akaweka ukindu chini. "Mtoto yangu hanenebi," akasema. "Hata akula ngombe msima, hanenebi. Wewe nasema uongo."

Ikabidi niseme ukweli: simjui mwanawe. Nimepewa mzigo ofisini, ofisi imeupata kwa basi, basi limepewa na ofisi nyingine. Kila nilipotaja hatua moja, mama alizidi kukunja uso. Kwake ilikuwa wazi kwamba kitu hiki kimeokotwa. Akavuta mtandio wake, akaufunga vizuri kifuani, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Kitu nakuja bila habari," akasema, "mwenyewe amekufa."

Halafu akanieleza, kwa Kiswahili kile kile cha kuungaunga, nami nikaelewa kila neno. Kaka yake aliwahi kwenda na ng'ombe upande wa Bute kutafuta soko. Siku moja lori likasimama nyumbani kwao, dereva akashusha blanketi la kaka yake na fimbo yake, akasema ana haraka, akaondoka. Wakakaa na lile blanketi siku kadhaa bila kujua walifanyie nini. Habari ilikuja baadaye, na lori jingine. Mwanawe huyu wa Nairobi naye hajapiga simu tangu mwezi wa kufunga, na ile namba yake anayoijua yeye haipatikani. Sasa nimekuja mimi, nina haraka, nimeshika mfuko.

Sijui kama nimewahi kujisikia mdogo namna ile. Nilizima injini. Kimya kilichofuata nilikisikia mpaka kwenye meno. "Umebakisha dakika thelathini," yule mwanamke akasema kutoka kwenye tuktuk.

Kwenye karatasi ya mzigo kuna namba ya simu ya anayetuma. Sisi huwa hatuipigi, haituhusu. Nikatoa simu yangu mwenyewe mfukoni, nikaipiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mama alikuwa ananitazama midomo, si macho, kana kwamba habari ingeanzia hapo. Mara ya tatu haikupokelewa pia, na sasa mimi pia nilikuwa nimeingiwa na hofu. Niliketi kwenye mkeka bila kukumbuka kwamba niliapa sitaketi. Mama akamimina chai kutoka kwenye chupa, akanipa. Tukanywa.

Simu ikalia. Nilipoipokea nilisikia honi, pikipiki, upepo, na kijana anayehema.

"Nani? Sema haraka, niko na mzigo."

Nikamwambia napiga kutoka Garissa, niko kwa mama yake. Halafu, nyuma yake, katikati ya honi zile zote, nikamsikia mwanamke wa adabu akisema: "Umebakisha dakika ishirini."

Niliangua kicheko pale pale, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Nikamuuliza kama na yeye yuko kwenye mizigo. Akasema ndiyo, dada, tangu mwaka jana, pikipiki. Nikamwambia tuko kazi moja, na kwamba mama yako anadhani umekufa. Nikampa mama simu.

Nimeishi huku miaka ya kutosha kushika maneno mawili matatu. Nilisikia akianza na amani, akaenda kwenye afya, akaenda kwenye chakula, kisha akarudi kwenye amani. Sauti yake ilikuwa imejaa maji lakini utaratibu hakuuvunja. Salamu kama zile haziwezi kukatwa. Baadaye kijana alinieleza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Alipoteza simu, akapata namba mpya, na kila siku alisema nitampigia mama nikimaliza mzigo huu. Lakini kumpigia mama yake dakika mbili ni kama kumtukana, na tangu hapo hajapata nusu saa iliyo yake. Usiku anaporudi mama yake amelala. Kwa hiyo akatuma mzigo, akidhani mzigo utamsemea.

Katikati ya salamu mama akasikia kitu. Akaondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Kule tuktuk yangu ilikuwa imesema tumebakisha dakika kumi, na nadhani simu ya kijana nayo ilikuwa inasema jambo lake.

"Huyu mwanamke ni nani?" akaniuliza. "Yuko Nairobi na mtoto yangu, na yuko hapa kwa gari yako."

Nikajaribu kumweleza. Nikamwambia si mtu, hooyo, ni simu, inahesabu muda wetu. Hakuridhika. Akamhoji mwanawe kwa Kisomali, na kwa namna kijana alivyokuwa akilalamika kule upande wa pili, nilijua anaulizwa kama ameoa kwa siri. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mume wangu nilipomsimulia jioni alisema, si nilikwambia, huyo ni mke mwenza kweli, hata mama wa watu amemtambua.

Nilikuwa na nafasi ya kujiokoa. Niliinuka nikaileta simu ya kazi, nikamwonyesha mama kwa ishara kwamba nahitaji ile namba tu, tarakimu nne. Alikuwa nayo kichwani, nilijua. Akanipungia mkono kama anayefukuza kuku, na machozi yanamtiririka, na anacheka. Nikaitazama simu. Nikamtazama. Nikaona nikisema neno moja zaidi nitakuwa dereva wa lile lori.

Nikaketi. Nikajimiminia chai ya pili. Mwanamke wa adabu akatangaza kwamba muda umekwisha, na ile alama ikatokea, nyekundu kama pilipili. Kule Nairobi kijana naye alipata yake; alinitumia ujumbe jioni, na chini ya ujumbe akaweka uso unaocheka.

Mama alipomaliza alinirudishia simu ikiwa na joto. Kisha akanitajia ile namba, tarakimu moja moja, kwa heshima zote, na ndipo akaupokea mzigo kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na garbasaar, mtandio mkubwa wa rangi ya manjano, wa Idd. Akajifunika palepale. Nikamwambia umependeza, na hilo halikuwa uongo.

Simu yangu ya kazi ilifungwa wiki nzima. Sitajifanya kwamba nililipokea jambo hilo kwa utulivu. Siku ya kwanza niliosha tuktuk mpaka rangi ikaanza kubanduka. Siku ya pili nilimpangia mume wangu vipindi: kuoga kati ya saa fulani na saa fulani, kula kati ya hii na hii. Akanivumilia mpaka adhuhuri, akahamia shuleni, na shule zenyewe zilikuwa zimefungwa. Nilisimama barabarani nikawaona wenzangu wakipita na mizigo imejaa hadi paani, nikasikia wivu wa kweli, wa kuuma.

Siku ya Idd mama akanipigia simu. Alituita, mimi na mwalimu wangu. Tulikula nyama kwake mpaka tukashindwa kuinuka, na garbasaar ya manjano ilikuwa kichwani, na kila mgeni aliyeingia alielezwa habari za mwanamke anayeishi ndani ya simu. Baada ya chai mama akanivuta kando. Alikuwa na swali, na alionekana amekaa nalo siku zote hizo.

"Mtoto yangu akibeleka watu fitu fyao," akasema, "nani namuuliza habari?"

Nikamwambia ukweli: hakuna. Kule wanafungua mlango, wanachukua, wanafunga.

Akaingia ndani, akatoka na mkebe mkubwa umezibwa vizuri. Ulikuwa na nyirinyiri, ile nyama inayokatwa vipande vidogo, ikakaangwa mpaka ikakauka, ikazamishwa kwenye samli; haiharibiki hata ikisafiri mwezi. Akasema upelekwe kwa mtoto wake. Nikamwambia simu yangu ikifunguliwa tu, huo ndio mzigo wangu wa kwanza. Nikadhani tumemaliza, nikainuka. Akanishika mkono, akaniketisha. Mkebe ulikuwa tayari, habari bado.

Akanipa habari zote kwa mpangilio, na mpangilio ulikuwa na sababu. Kwanza mvua, kwa sababu mtu asiyejua mvua haelewi hayo mengine: imenyesha kati ya Bura na Ijara, mabwawa yamejaa, na majani yamefika magotini. Kisha ng'ombe: yule mtamba mwekundu aliyemwacha akiwa ndama anayenyonya, sasa amezaa, na amezaa jike. Habari mbaya inawekwa katikati ili iwe na jirani nzuri kila upande: fahali mweupe amekufa, aliumwa na nyoka. Kisha watu: kaka yake huyo kijana amepona mguu, goti la mama linasumbua lakini linatembea, yule binti wa jirani ameolewa, kwa hiyo asiendelee kujidanganya. Nikamwambia nitaziandika zote nizitume. Akakataa. Karatasi haijui kujibu ukiiuliza swali. Akanifanya nizirudie kwa mdomo, na nilipomtanguliza fahali kabla ya mtamba akanirudisha mwanzo. Mume wangu alikuwa pembeni anajiuma midomo asicheke. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mwanafunzi msumbufu akifundishwa vizuri namna ile.

Simu ilipofunguliwa niliandikisha mkebe, jina la kijana juu, namba yangu kama mtumaji, nikautia kwenye basi la kurudi Nairobi. Nia yangu ilikuwa kumpigia jioni, akiwa ametulia, nimpe habari zake. Lakini jioni nilirudi nimechoka, mizigo iliyobaki ya Idd ilikuwa mingi, nikasema nitampigia kesho asubuhi nikipumua. Kesho asubuhi nikasema nikimaliza mzigo huu.

Nilikuwa karibu na daraja, napeleka mashuka ya mwalimu mmoja, simu yangu ilipolia. Namba ngeni. Kijana mwingine wa Nairobi, mpeleka mizigo, Kiswahili cha Nairobi, amechanganyikiwa.

"Mathee, ni wewe ulituma mkebe?" akauliza; mathee kwao ni mama. "Huyu msee amekataa kunipa namba. Ameketi kwa ngazi. Anasema eti mzigo haina habari. Sasa hiyo habari ni nini, mathee? Ni kitu nilifaa kubeba?"

Nyuma yake mwanamke wa adabu alikuwa akimwambia amebakisha dakika kumi. Nikajua sauti ile inaingia moyoni mwake kama ilivyokuwa ikiingia moyoni mwangu. Na nyuma ya sauti ile nikasikia mtu mwingine akicheka polepole, kicheko cha mtu aliyeshika kofia ya pikipiki magotini na asiye na mpango wa kuinuka.

Nikasogeza tuktuk kando ya barabara. Nikamwambia kijana aweke simu kwa sauti kubwa, mwenyewe asikie. Akasema ameweka. Nikamwambia na yeye pia atafute mahali aketi.

"Niketi wapi, mathee? Niko na mizigo."

"Hapo hapo kwa ngazi, karibu naye."

Kisha nikasikia koti lake likisugua ukuta, na mkebe ukiwekwa chini kwenye saruji. Mwana wa mama akasema kwa sauti ndogo, "Abaayo, nakusikiliza." Mbele yangu, kwenye usukani, mke mwenza akanikumbusha kwamba mimi nami nina dakika kumi.

Nikazima injini, nikaanza na mvua.